Theluji Haiogopi Injini

Nimechoka na theluji ya kwenye hadithi zetu. Karibu kila hadithi ya ughaibuni inayonifikia ina theluji, na theluji hiyo ina kazi moja tu: kumliza mhusika. Anasimama dirishani, anatazama weupe, anamkumbuka mama yake, basi. Kama kijana amefanikiwa, mwandishi humpa gari la kasi, jekundu, linalonguruma, naye hulipitisha kwenye theluji utadhani yuko barabara ya Bagamoyo Jumapili asubuhi. Sijasoma hata moja iliyoniambia gari hilo limevaa matairi gani.

Utasema, ndugu msomaji, hilo ni swali la fundi gereji, si la mhakiki. Nakataa. Naishi Ottawa, Kanada, ambako nyuzi 20 chini ya sifuri mwezi Januari si habari ya kupigiana simu. Huku swali la tairi ndilo swali la nani atafika nyumbani. Na wapo vijana wetu, wa Dar, wa Mombasa, wa Bukavu, wanaonunua magari hayo hayo ya kasi, mengi yakiwa mitumba, wakiwa wamelishwa uongo wa aina mbili.

Uongo wa kwanza ni wa nguvu. Gari lina farasi 300, nani atalizuia? Jamani, farasi wote hao hupita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Na magari mengi ya namna hii hutoka kiwandani yakiwa na matairi ya kiangazi. Mpira wake ulitengenezwa kushika lami yenye joto. Chini ya nyuzi 7 huanza kukakamaa, na baridi ikizidi huwa mgumu kama plastiki. Wapo watengenezaji wanaoonya kwamba unaweza hata kupasuka. Juu ya barafu, tairi hilo jipya, la bei mbaya, halina tofauti na kipara. Kadiri injini inavyokuwa na nguvu, ndivyo linavyozunguka bure haraka zaidi.

Uongo wa pili ni wa foo-wili. Muuzaji mmoja hapa mjini, simtaji, aliniambia bila kupepesa macho kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halihitaji matairi ya baridi. Sawa, bwana. Kwenye taa litaondoka kabla ya wengine wote. Lakini kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, hata kale ka-Vitz ka shangazi. Foo-wili inakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya tairi. Hapo ndipo hatari ilipo: inakupa spidi kabla hujagundua kwamba huna pa kushikia.

Mnakumbuka tangazo la Audi la mwaka 1986? Gari la 100 CS quattro linapanda mnara wa kurukia skii huko Kaipola, Finland, kwa nguvu zake lenyewe. Tangazo zuri, nami nalipenda. Lakini matairi yake yalikuwa na misumari. Dunia ilikumbuka neno quattro, misumari ikasahaulika. Ndivyo hadithi inavyohaririwa: kinachong'aa hubaki, kinachofanya kazi hukatwa.

Anayeamini nguvu peke yake aende kwenye mashindano ya Monte Carlo ya mwaka 1964. Mshindi alikuwa Paddy Hopkirk, ndani ya Mini Cooper S yenye injini isiyofika hata sisi 1,100. Nyuma yake, nafasi ya pili, ilikuwepo Ford Falcon yenye silinda nane. Milima yenye theluji haikuuliza nani ana injini kubwa.

Sasa niseme ambacho hadithi zetu hazisemi. Gari la mbio likitakiwa livuke majira ya baridi, kwanza livishwe matairi ya baridi manne, si mawili. Ukiweka mawili ya mbele tu, mkia utakupita kwenye kona ya kwanza. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo maana yake tairi limejaribiwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake ni neno la mtengenezaji kuhusu umbo la meno. Chagua rimu ndogo kidogo na tairi jembamba kuliko la kiangazi, mradi breki kubwa za gari zipate nafasi, kwa sababu jembamba hukata theluji likafika chini, wakati pana hupanda juu yake likaelea. Pima upepo tairi likiwa halijatembea, kwani hupungua karibu psi 1 kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6. Betri ipimwe. Maji ya kusafishia kioo yawe ya kutoganda. Koleo na blanketi vikae kwenye buti. Ukikwama, fukua theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuacha injini ikiunguruma, la sivyo gesi ya sumu isiyo na harufu itaingia ndani ulimokaa. Na chumvi inayomwagwa barabarani hula chuma: osha gari hadi chini ya tumbo.

Kuendesha ni adabu. Fanya jambo moja kwa wakati mmoja: funga breki ukiwa umenyooka, kisha kata kona, kisha ndipo ukanyage mafuta, tena kidogo kidogo. Usizime mfumo wa kuzuia kuserereka eti kwa sababu wewe ni dereva. Kama injini inasukuma magurudumu ya nyuma, usishushe gia kwa pupa, maana magurudumu hayo yataburuzwa na mkia utakuja mbele. Gari likianza kuserereka, achia mafuta taratibu na utazame unakotaka kwenda, si nguzo unayoiogopa. Mikono hufuata macho.

Kuna watakaosema matairi ni ghali. Ni ghali kweli. Lakini seti ya kiangazi inapumzika wakati ya baridi inafanya kazi, na hapa Ontario, tangu 2016, kampuni za bima zinalazimika kumpunguzia malipo aliyefunga matairi ya baridi. Ajabu ni kwamba Ontario yenyewe haimlazimishi mtu kuyafunga. Ukivuka daraja kuingia Gatineau, upande wa Quebec, sheria inayadai kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Mto ule ule, theluji ile ile. Daraja moja linatenganisha wanaoambiwa na wanaoachwa wajionee wenyewe.

Na ambaye hakuambiwa na sheria angeambiwa na nani, kama si na lugha yake? Msinijibu kwamba fasihi si mwongozo wa gereji. Utendi wa Mwana Kupona, karibu mwaka 1858, ni mama anayemwachia binti yake maelekezo ya jinsi ya kuishi, na hakuna aliyeufukuza kwenye fasihi kwa kosa la kufundisha. Msinijibu pia kwamba Kiswahili hakina maneno. Watu waliokulia kwenye udongo mweusi wa masika wana kuteleza, kuserereka, kuzama, kukwama na kunasuka. Tulikuwa na maneno ya barafu kabla hatujaiona barafu.

Kwa hiyo, ndugu waandishi, mlizeni mhusika wenu mkitaka. Upweke upo, sibishi. Lakini kabla hajaketi nyuma ya usukani wa gari lile jekundu, mwinamisheni kwenye tairi. Aguse mpira kwa kidole, atafute alama ya mlima. Msomaji wenu mmoja, mwenye funguo mfukoni na baridi nje, huenda asiwe na mwingine wa kumwambia.