Majeruhi Katika Daftari la Timu

Timu za kandanda za Mikese, kama timu za vijiji vingine vilivyo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, huandikwa katika daftari la shule. Majina kumi na moja huwekwa juu, majina ya akiba huwekwa chini yake, na daftari hukaa mikononi mwa kocha au katibu mpaka siku ya mashindano. Mchezaji akiteguka goti Jumapili, aghalabu jina lake hupigwa mstari kabla ya Jumapili ya pili, na jina la mwingine huandikwa pembeni. Kazi hiyo haichukui nusu dakika. Hapana baraza linalokaa, hapana swali linaloulizwa, na mara nyingi aliyefutwa hupata habari zake kwa kuiona jezi yake mgongoni mwa mtu mwingine.

Hapana mwenye akili atakayedai kwamba majeruhi achezeshwe. Timu yahitaji watu wenye viungo vizima, na kocha ana haki ya kumweka mzima mahali pa aliyeumia. Ubishi hauko hapo. Uko katika jambo la pili, ambalo huchanganywa na la kwanza kwa makusudi au kwa uvivu, nalo ni kwamba mtu akitoka uwanjani hutolewa pia katika timu. Kutoka mahali pa kucheza ni hukumu ya mwili. Kufutwa daftarini ni hukumu ya watu, na watu hao hawajapata kuitwa mahali popote kuieleza.

Lugha ya mpira imekwisha kutoa ushahidi wake. Magazeti ya michezo husema kwamba mchezaji ametemwa. Kinachotemwa ni makapi ya muwa au mbegu ya chungwa, yaani kitu ambacho utamu wake umekwisha kunyonywa. (Wakaaji wa mkoa wenye mashamba ya Mtibwa na Kilombero hawahitaji kufafanuliwa makapi ya muwa ni kitu gani.) Mchezaji aumiaye mara kwa mara huitwa pancha. Yule achezeshwaye popote penye pengo, leo beki, kesho kiungo, keshokutwa winga, huitwa kiraka. Erasto Nyoni, aliyezichezea Azam, Simba na timu ya taifa, aliitwa hivyo kwa sifa miaka mingi. Maneno haya mawili yametoka kwa fundi wa magurudumu, na Mikese yanaweza kuonekana katika maana yake ya asili, kwa kuwa njia ya malori yapita pale na mafundi wa pancha hawakosekani kando yake. Fundi huutoa mpira wa ndani, huutia majini, hutafuta povu, hukwangua, hupaka gundi, hubandika kiraka, kisha huurudisha gurudumuni. Mpira wa baiskeli huweza kubandikwa viraka vitano kabla mwenyewe hajafikiri kuutupa. Waliokopa maneno ya fundi hawakuikopa kazi yake. Wamechukua pancha, wamechukua kiraka, wakaiacha subira ya kutafuta povu lilipo.

Ajabu zaidi ni kwamba kiraka ndiye awezaye kuumia upesi. Hutiwa mahali asipopazoea, huamriwa kukimbia mbio zisizo zake, na misuli yake hulipa. Akiisha kuumia, sifa ya ukiraka humgeukia kuwa hoja ya kumwacha: hakuwa na namba yake mwenyewe, basi amepoteza nini?

Mikese ina sababu ya kulijua vema daftari la namna hii. Reli kutoka pwani ilifika Morogoro mwaka 1907, na majeshi ya Waingereza yalipouteka mji huo mwezi wa Agosti 1916, stesheni ya Mikese ikawa ghala la vita. Hapo mizigo ilishushwa ikapelekwa kusini, mashariki ya milima ya Uluguru, kuelekea Kisaki na Rufiji. Magari yalikwama katika matope ya masika, wanyama walikufa kwa mbung'o, na mzigo ukaangukia kichwani mwa mpagazi. Wapagazi waliandikwa majina na kupewa namba. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Jina la kikosi chao, likiisha kutamkwa Kiswahili, limebaki Dar es Salaam: ndilo Kariakoo. Na ni Kariakoo na kando yake ndiko Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilikokulia. Si haki kuwalinganisha viongozi wa klabu na wakuu wa vita, na ulinganisho huo haufanywi hapa. Kinacholinganishwa ni daftari, lile lililo na mahali pa mtu abebaye na lisilo na mahali pa mtu aliyeanguka akibeba.

Daftari jingine laweza kuandikwa. Kiswahili kimewapa viongozi wa mpira neno jema, nao wamelitumia nusu. Akiba ni kitu kiwekwacho kwa ajili ya siku ijayo, na hapana mkulima wa Uluguru atupaye gunia la mahindi kwa sababu halipikwi leo. Katika timu zetu, hata hivyo, akiba ni wale walio wazima tu wanaokaa benchi. Marekani neno hilo limenyooshwa mpaka likamfikia aliyevunjika. Huko huchezwa mpira wao wenyewe, ushikwao kwa mikono, mchezo wa kuparamiana ambao hata wapenzi wake hawadai kwamba una huruma. Ligi yake kuu huiruhusu kila timu wachezaji 53 katika orodha ya msimu. Kwa kuwa watu huumia kila juma, pamewekwa orodha ya pembeni, akiba ya majeruhi. Aliyeingizwa humo hahesabiwi katika wale 53, na timu hupata nafasi ya kumwita mwingine. Lakini mkataba wake haufi, na malipo yake huendelea. Kwa kanuni iliyoanza 2022 hana budi kukosa michezo minne angalau, na timu yaweza kuwarudisha wachezaji wanane wa namna hiyo katika msimu wa kawaida. Hata kama sharti la michezo minne lilitungwa ili timu zisifiche watu humo, lina faida ya pili: kocha mwenye haraka hawezi kumvuta majeruhi uwanjani Jumapili ya pili.

Wamarekani si malaika. Wapo wachezaji wa mwisho wa orodha ambao mikataba yao husema waziwazi kwamba wakiingizwa katika akiba ya majeruhi malipo yatapungua, na wengine hupewa kiasi cha fedha wakaachiliwa kwa mapatano. Mara nyingi aliye karibu na hatari hiyo ni kijana apewaye kazi ya kuupokea mpira uliopigwa juu na wapinzani. Husimama peke yake nyuma kabisa, macho angani, huku watu wazito wakimjia mbio ili wamwangushe mara tu audakapo. Kazi hiyo aghalabu huwa mlango wa mtu agombeaye nafasi ya mwisho katika orodha. Ndiye kiraka wa kwao. Lakini hata yeye amepewa kinga: akiinua mkono na kuupunga kabla mpira haujamfikia, hapana ruhusa ya kumgusa, naye huiacha haki ya kukimbia nao. Kijana wa Mikese atiwaye winga kwa mara ya kwanza ili kuziba pengo, mbele ya beki mwenye uchu wa mbuzi wa zawadi, ainue mkono gani, na nani atakayeuona?

Viongozi wakiambiwa haya hujibu kwanza kwa umaskini. Husema Marekani ina fedha, Mikese haina. Jibu hili lingekuwa na uzito kama kulihifadhi jina kungegharimu fedha. Katika mashindano ya ndondo wachezaji hawana mshahara. Mwenye jina daftarini ana sehemu yake mbuzi akichinjwa, ana neno lake timu ikikutana, na ana watu wa kumtembelea kitandani. Vitu hivyo vitatu ndivyo anyang'anywavyo majeruhi, na hakuna hata kimoja kinachonunuliwa kwa fedha za Marekani.

Husema tena kwamba wachezaji watajifanya wagonjwa ili wakae katika orodha bila kutoka jasho. Wasemao hivi wanauogopa uongo usiokuwapo na kuufumbia macho ule uliojaa viwanjani. Uongo wa wachezaji wetu ni wa kujifanya wazima. Mtu hulifunga goti kwa kitambaa kabla kocha hajafika, hupaka dawa ya kuchua usiku, humeza vidonge vya maumivu asubuhi, akaingia uwanjani akicheka. Afanya hivyo kwa kuwa anajua kalamu iko wapi. Teguko ambalo lingepona kwa majuma matatu ya kupumzika hukatika kabisa dakika ya ishirini, ndipo watu husema kijana hakuwa na bahati. Bahati haikuhusika hapo. Daftari lisilo na safu ya majeruhi lilimfundisha kudanganya, naye akajifunza vizuri.

Lipo na jibu la ushujaa, nalo hupendwa zaidi na washabiki. Bert Trautmann, mlinda mlango wa Manchester City, aliimaliza fainali ya Kombe la FA ya 1956 mfupa wa shingo ukiwa umevunjika, na habari hiyo husimuliwa hata leo kana kwamba ni fundisho. Husahauliwa kwamba siku zile hapakuwa na ruhusa ya kuingiza mtu wa badala. Kombe la Dunia lenyewe halikuwa na wachezaji wa badala mpaka 1970. Ndiyo maana Pelé alichechemea mbele ya Ureno mwaka 1966 mpaka filimbi ya mwisho, Brazil ikafungwa mabao 3 kwa 1 na kutoka. Yule aliyebaki uwanjani hakumsaidia mtu.

Afadhali watazame miaka minne nyuma, kule Chile. Pelé aliumia katika mchezo wa pili wa mashindano ya 1962 na hakucheza tena. Amarildo akatiwa mahali pake, akafunga mabao mawili dhidi ya Hispania, akafunga tena katika fainali, na Brazil ikalichukua kombe. Jina la Pelé lilibaki katika orodha ya watu 22, naye huhesabiwa mshindi wa mwaka huo kama wengine. Hapana aliyesema kwamba jina hilo lilimwibia Amarildo kitu. Aliyeumia alikuwa na mahali pake, aliyeingia alikuwa na mahali pake, na timu haikupungukiwa.

Kwa klabu zilipazo mishahara jambo hili limevuka mpaka wa hisani. Maamuzi ya FIFA yamekataa mara kwa mara kwamba kuumia kwa mchezaji ni sababu ya haki ya kuvunja mkataba wake. Tangu 2012 FIFA huzifidia klabu ambazo mchezaji wake ameumia akiitumikia timu ya taifa na kukaa nje zaidi ya siku 28. Yaani klabu imekwisha kuhesabiwa kuwa yaumia mguu wa mchezaji ukiumia, na mwenye mguu ndiye abakiye kuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na mfuko wake ulianza kazi 2015, mchango wa mwajiri ukiwa sasa asilimia 0.5 ya mishahara. Mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi, na goti lake ni chombo cha kazi kama mkono wa mwashi. Hata hivyo kila dirisha dogo la usajili lifunguliwapo husikika kwamba mkataba wa majeruhi fulani umevunjwa kwa makubaliano ya pande mbili. Makubaliano gani hayo, kati ya mtu mwenye magongo na mtu mwenye kalamu?

Morogoro ilikuwa na mfano karibu. Reli ilikuwa timu ya wafanyakazi wa reli, na Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, ilizaliwa katika kiwanda cha sukari Turiani. Mchezaji aliyekuwa ameajiriwa karakanani au kiwandani, akiumia, alikuwa na kazi nyingine ya kurudia. Timu za namna hiyo zilikuwa na dosari zake, na wapo walioajiriwa kwa ajili ya miguu yao tu, wasioijua hata karakana imeelekea wapi. Lakini daftari la mishahara halikuwa daftari la kocha, na aliyefutwa katika la pili alibaki katika la kwanza.

Safu ya tatu katika daftari la Mikese yahitaji mstari mmoja wa rula. Juu yake pakiandikwa Akiba ya Majeruhi, chini yake patoshe jina, tarehe ya kuumia, kiungo kilichoumia, na Jumapili ambayo mwenye jina hana ruhusa ya kuchezeshwa kabla yake, hata akiomba mwenyewe. Katika mchango wa kiingilio itengwe nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya Morogoro, na fedha ya picha ya mifupa. Mbuzi akipatikana, sehemu zihesabiwe kwa safu zote tatu. Na kocha atakaye kulifuta jina lililo katika safu hiyo alifute mbele ya timu nzima, mwenye jina akiwapo, amekaa mbele yake na gongo lake.