Shikamoo Peke Yake Haitoshi

Wageni waendao Shinyanga na Geita kufundisha Kiingereza huusiwa mengi kabla ya safari: wavae kwa heshima, wasipokee kitu kwa mkono wa kushoto, wawaamkie wazee shikamoo. Wakiyashika hayo, husifiwa kuwa wamezoea mila za wenyeji. Sifa hiyo ni ya bure. Aliyejua kupiga hodi hajajua bado mazungumzo ya wenye nyumba. Na katika watu wote, mwalimu wa lugha ndiye asiyesameheka kwa kutoyajua.

Tena hiyo shikamoo ni ya pwani. Mzee wa Usukuma ataipokea kwa adabu, lakini salamu iliyomlea ni mwangaluka.

Haki itendeke: wapo wanaojitahidi. Wamarekani wa Peace Corps, waliofika Tanganyika mara ya kwanza mwaka 1961, hufundishwa Kiswahili kwa wiki kadhaa na kukaa na familia za wenyeji kabla ya kupelekwa vituoni. Si haba. Ila kwa watoto wengi wa vijiji vya Shinyanga, na wa Geita ambako Wasukuma wamechanganyika na Wazinza na Wasumbwa, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Kiingereza ni ya tatu, nacho ndicho kiwashukiacho kidato cha kwanza kuwa lugha ya karibu kila somo, baada ya miaka saba ya kusomeshwa kwa Kiswahili. Mtoto hunyamaza. Mgeni huuona ukimya huo akadhani ni aibu ya kimila, au uzito wa akili.

Mwenye dhana hiyo na atazame ngoma za Wasukuma baada ya mavuno. Bagika na Bagalu, vyama vilivyotokana na ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Manju asiyejua kupanga maneno huachwa akiimba peke yake. Wapenzi wa malumbano ya mashairi hawahitaji kufasiriwa jambo hilo. Mtoto wa jamii yenye mahakimu wakali hivyo wa maneno si bubu. Amenyimwa tu lugha ya kujibia.

Tazama na sauti zenyewe. Kiswahili kina irabu 5. Kisukuma kina 7, na hutofautisha irabu fupi na ndefu. Mwalimu ahangaikaye wiki nzima ili wanafunzi watenge neno la Kiingereza la meli na lile la kondoo, hajui kuwa masikio yaliyo mbele yake yamezoea tofauti za jinsi hiyo tangu utotoni. Angalijifunza lugha yao, angalianzia hapo. Kutojua kwake hakumpotezei adabu tu, kunampotezea kazi.

Wala kosa si la mgeni pekee. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliona kuwa wanafunzi wengi hawakimudu Kiingereza wanachosomea, kisha wakashauri kibaki vivyo hivyo. Uingereza ikaleta mradi wa kukitia nguvu. Ugonjwa ulijulikana, na dawa ikawa kuongeza kile kile kilichouguza.

Na gharama yake huonekana wapi kama si katika nchi ya dhahabu? Bulyanhulu na Geita ni majina yajulikanayo katika masoko ya dunia. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilitungwa kwa Kiingereza. Kijana aliyekariri Kiingereza miaka minne bila kukielewa huishia kwenye duara na karasha, akikisikia kwa mbali kikiamua habari za ardhi ya babu yake. Kwa hiyo Kiingereza anakihitaji, tena sana. Ndiyo maana afundishwe na mtu awezaye kumfikisha.

Mfano upo. Padri David Clement, Mkanada, alifika Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950. Hakuridhika na salamu; alikusanya ngoma, zana na masimulizi ya Wasukuma, na hapo pakawa makumbusho yasimamayo hadi leo. Alikuja kufundisha, akakubali kwanza kufundishwa.

Sharti basi liwe moja, kwa Mmarekani na Mwingereza, na pia kwa mwalimu wa pwani apelekwaye bara akacheka matamshi ya Wasukuma ilhali yeye hajui hata neno moja la kwao. Kabla ya kusahihisha sentensi ya mtoto, aweze kufasiri wimbo mmoja wa nyumbani kwa mtoto huyo, naye mtoto awe msahihishaji. Atakosea, na darasa litacheka. Siku hiyo ukimya utakuwa umevunjika, na Kiingereza kitapata pa kuanzia.