Ni Kinundu Tu

Wenzangu mnaosema kwamba mtu akitengeneza silaha yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake, hamdhuru mtu, nawakaribisha kwetu Jebel mkae hata siku mbili. Hoja hiyo ilitolewa katika mjadala wetu darasani mwezi uliopita na wengi mkaipigia makofi. Mimi nilinyamaza. Wiki hiyohiyo mjomba wangu alikuwa akiifanya kazi hiyo nyumbani, juu ya meza tunayolia chakula.

Ana bastola ya zamani, ile ya kuzunguka yenye matundu sita, aliyoachiwa na babu ambaye alikuwa polisi enzi za Waingereza. Kile kinundu kilicho juu ya mdomo wa mtutu, ambacho mlengaji hukioanisha na mfuo wa nyuma, kilivunjika kabla sijazaliwa. Miaka yote hiyo bastola ililala sandukuni chini ya nguo, na sisi watoto tuliijua kwa jina la "kitu cha babu". Mwaka huu wezi walimwingilia jirani mara mbili usiku. Mjomba akaitoa, akaazima jiliwa na tupa kwa fundi wa baiskeli, akakata kipande cha chuma na kuanza kukichonga. Nilipomuuliza alinijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, ni kinundu tu."

Ugomvi wangu ni na hilo neno "tu".

Kwanza, kinundu hakikubali makisio. Kikiwa kifupi kuliko inavyotakiwa, risasi hupita juu ya pale ulipolenga. Kikiwa kirefu, hupita chini. Kikiegemea kushoto, risasi huenda kulia. Tuseme kati ya kinundu na mfuo wa nyuma kuna sentimita 20. Kosa la milimita 1 pale mbele linakuwa sentimita 10 kwa mtu aliyesimama mita 20. Milimita moja kwa tupa ya fundi baiskeli ni mikwaruzo michache. Na risasi iliyomkosa mwizi haifii hewani. Kwetu kuta ni za mabati, za udongo, na kwa wengine ni turubai. Nyuma ya kila mwizi kuna kitanda cha mtu.

Mtasema basi akipime vizuri. Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na ndipo wachangiaji wa darasani walipopapita mbio. Kinundu hakipimwi kwa rula peke yake. Fundi anayejua hukiacha kirefu kidogo makusudi, anapiga risasi, anaangalia ilipoangukia, anapunguza, anapiga tena. Kwa hiyo kazi inayoitwa ya nyumbani haiwezi kumalizikia nyumbani. Ataijaribia wapi? Kwenye miteremko ya Jebel Kujur wako kina mama wanaoponda kokoto tangu alfajiri, na watoto wao wako hapohapo. Upande wa pili ni barabara, na zaidi ya hapo nyumba zimebanana.

Na mlio wa risasi Jebel si mlio kama wa mahali pengine. Tarehe 8 Julai 2016 risasi zililia nje ya Ikulu, J1, wakati Salva Kiir na Riek Machar wakiwa ndani kwenye mkutano. Baada ya siku mbili mapigano yalikuwa mlangoni kwetu, kwa sababu kambi ya Machar ilikuwa huku. Mamia ya watu walikufa mjini. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulilala sakafuni chini ya kitanda, kisha tukakimbilia upande wa Umoja wa Mataifa, na mwishowe Kakuma, ambako ndiko nilikopata Kiswahili hiki ninachowaandikia. Mpaka leo ukipiga risasi moja usiku mtaani kwetu, kuna atakayeijibu bila kujua anamjibu nani. Mama yangu bado analala na viatu karibu na mlango.

Sheria nitaitaja kwa kifupi kwa kuwa mnaijua: Sheria ya Silaha ya mwaka 2016 inamtaka raia awe na leseni. Mjomba hana, na najua baadhi yenu mtacheka kwamba nani anayo.

Hoja yenu nzito ni nyingine, na siidharau. Mnasema ukimpigia askari simu usiku haji, au akija anakuwa na shida kama ya mwizi. Kweli. Jirani yetu alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Lakini nilikwenda kwake asubuhi, na kilichomsaidia mara ya pili ni vijana watano wenye tochi na sufuria za kugonga. Tangu siku hiyo tunakesha kwa zamu, watu wa makabila manne katika kundi moja, jambo ambalo mwaka 2016 lisingewezekana. Mjomba hayumo katika zamu. Anasema bastola inamtosha. Basi silaha imeshamtoa mtu mmoja katika ulinzi wa mtaa kabla hata haijalia.

Tena, ikiwa imevunjika ilikuwa kumbukumbu ya babu. Hakuna anayeitengenezea kumbukumbu mahali pa kulengea. Anayechonga kinundu ameshawaza mtu atakayesimama mbele yake, na nilipomwambia mjomba hivyo alikasirika, tukakaa siku mbili bila kusalimiana. Kwetu hilo ni kosa langu, mdogo ndiye anayeanza kusalimu, nami nimeomba radhi kwa kunyamaza. Kwa niliyoyasema sijaomba.

Ninapoandika haya kinundu kimeshakaa mahali pake, kirefu kidogo. Anazo risasi nne. Anasubiri usiku wa mvua kubwa yenye radi, ili akipiga mlio wake usitambulike, nami kila jioni nikitoka chuoni naanza kwa kuangalia mawingu juu ya mlima.