Mtumishi, Lakini wa Nani?



Liko neno moja la Kiingereza ambalo Wakenya tumelitamka kwa hofu miaka mingi. Neno hilo ni "minister". Watoto wetu walitolewa madarasani wakasimamishwa juani ili kulipungia mkono likipita na bendera garini. Yafaa tujue lilikotoka.

Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mtumishi. Lilitokana na neno la upungufu, kinyume cha "magister", yaani bwana, litokanalo na neno la ziada. Katika Biblia ya Kilatini, Mathayo 20:26, pale Yesu anapofundisha kwamba atakaye ukubwa na awatumikie wenzake, neno lililoandikwa ni hilo hilo. Ndiyo sababu Wapresbiteri humwita mchungaji wao kwa jina hilo. Nalo neno letu "waziri", tulilolipata kwa Waarabu, wanazuoni wengi hulihusisha na mzigo: waziri ni mchukuzi wa mzigo wa mwenzake. Ndivyo Musa, katika Kurani, anavyomwombea nduguye Haruni.

Basi neno lenyewe halina kosa. Ila mtumishi hajulikani mpaka atajwe anayetumikiwa. Huko Uingereza alikuwa mtumishi wa Mfalme. Sisi tulikirithi cheo hicho, na chini ya katiba ya zamani Rais ndiye aliyemteua waziri na kumfuta apendavyo. Je, ni ajabu kwamba masikio ya mawaziri yalielekea Ikulu?

Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri Desemba 1988. Tarehe 3 Mei 1990, yeye na Charles Rubia, aliyepata pia kuwa waziri, walidai hadharani mfumo wa vyama vingi. Julai wakatiwa kizuizini. Tarehe 7 Julai 1997 polisi walivamia Kanisa Kuu la All Saints, na Mchungaji Timothy Njoya akapigwa humo. Tazameni: watumishi wa aina mbili walichukua jina moja. Wa serikali walilindwa kwa virungu. Wa Neno aliangukiwa navyo.

Katiba ya 2010 iliondoa jina hilo la Kiingereza katika baraza, ingawa kwa Kiswahili tungali tukisema waziri. Ibara ya 73 yatamka kwamba dhamana ya uongozi ni kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Maneno hayo ni mema, lakini karatasi haijitekelezi. Afya House, makao ya Wizara ya Afya, imo katika Barabara ya Cathedral, jirani ya kanisa lile lile lililovamiwa. Mama wa Kangemi au Kawangware anayenunua maji kwa mtungi, naye akaambiwa zahanatini kwamba dawa hakuna, ndiye bwana wa nyumba ile. Nani amemwambia hivyo?

Ni wajibu wetu kumwambia. Waziri ajapo kanisani Jumapili, asipewe kipaza sauti kwa sababu ya bahasha ya harambee. Na aketi pamoja na waumini, kisha nje ya ibada aulizwe kwa heshima na bila woga: umetumwa na nani, na umefanya nini kwa mzigo tuliokutwika? Mtumishi asiyeulizwa hesabu hugeuka bwana, na kosa hilo huwa la mwenye nyumba.