Sare ya Madirisha katika Linux

Mtu afunguapo programu mbili katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, aghalabu huziona hazifanani: vitufe, rangi na herufi za moja si za nyingine. Chanzo ni cha kihistoria. Mradi wa KDE, ulioanzishwa mwaka 1996, ulichagua maktaba ya Qt kwa kuchorea madirisha. Mradi wa GNOME, ulioanzishwa mwaka 1997, ulichagua GTK. Kila maktaba huchora kwa mkono wake.

Mwaka 2002 kampuni ya Red Hat ilizivika pande zote mbili vazi moja, lililoitwa Bluecurve. Wapo waliopinga. Mwaka 2019 baadhi ya waundaji wa programu za GNOME waliwaomba kwa barua ya wazi wasambazaji wa Linux waache kubadili sura ya programu zao, kwani vazi geni huweza hata kuficha maandishi.

Ombi hilo ni la haki, lakini halimalizi jambo. Mwenye macho dhaifu hatafuti urembo. Ahitaji herufi kubwa na rangi zinazotofautiana waziwazi. Akishachagua mara moja, hapana budi programu zote zimtii. Njia imekwisha kuonekana: tangu mwaka 2022 GNOME hutumia mpango wa pamoja unaoziarifu programu, hata zisizo zake, kwamba mtumiaji apendelea sura ya giza. Mapatano ya namna hiyo yapanuliwe. Mavazi yanaweza kutofautiana. Haki ya msomaji kusoma isitofautiane.