Anayelala Wasini Aamkie Mahamri

Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, magari ya watalii hutoka hoteli za Diani asubuhi na mapema kuelekea gati la Shimoni, kusini mwa Kaunti ya Kwale. Hapo wageni hupanda jahazi hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, wakaogelea juu ya matumbawe na kuwasaka pomboo kwa macho, kisha wakashukishwa kisiwani Wasini kula kaa na samaki wa kupaka. Alasiri wanarudi zao Diani. Magharibi ikiadhiniwa, kisiwa kimebaki na wenyewe.

Wasini, basi, inapokea wageni wengi na kulaza wachache. Kijiji kinauza chakula kimoja cha mchana, huku kitanda na kiamshakinywa vikilipiwa kwingine. Na si kwamba hakuna pa kulala. Wasini kwenyewe, Mkwiro upande wa pili wa kisiwa, na Gazi kule bara, zipo familia zilizotenga chumba kimoja au viwili vya wageni: kitanda, chandarua, na mlango unaofungukia ua ule ule ambao watoto wa nyumba wanachezea. Msafiri kutoka Nairobi anafika bila taabu kubwa. Anashuka treni Miritini, anafuata barabara ya Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri ya Likoni, anashika matatu ya Ukunda na kuendelea hadi Shimoni, na mashua inamvusha.

Vyumba hivi vinastahili kujaa, tena vijae Wakenya kwanza. Lakini kuna jambo moja linaloviponza, nalo liko mezani asubuhi. Nyumba nyingi za wageni vijijini Pwani zikitaka kumheshimu mgeni humwandalia chakula cha hoteli: slesi za mkate wa kiwandani, jemu ya pakiti, soseji zilizotoka kwenye friji ya duka la mjini. Mwenyeji ametumia pesa zaidi, na mgeni amekula alichokiacha kwake Umoja au Kitengela. Wote wawili wamekula hasara.

Jikoni mwa nyumba hiyo hiyo kuna kitu ambacho hoteli kubwa inakihangaikia bila kukipatia. Usiku mama ameloweka mbaazi na kukanda unga wa mahamri kwa tui, sukari, hamira na iliki iliyotwangwa, akaufunika uumuke. Alfajiri anakalia mbuzi na kukuna nazi. Tui jepesi linachemkia mbaazi pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbichi. Kasimile haiguswi hadi mwisho, kwa sababu ikitangulia itakatika. Pembeni karai limeshika moto, na mahamri yanatumbukizwa pembetatu pembetatu, yanafura, yanageuzwa, yanaopolewa. Yakifika mezani bado yana mvuke, na ukiyapasua yako wazi ndani, tayari kujazwa mbaazi. Mcheza kwao hutunzwa, na huyu mama yuko kwao.

Tena hesabu inamuunga mkono. Unga wa ngano na sukari ni vya dukani, hilo halina ubishi. Lakini nazi imeangushwa na mkwezi wa Kwale, samaki wa kukaanga amenunuliwa kwa mvuvi aliyerudi na mashua alfajiri, na mahamri yasipotosha, mtoto hutumwa kwa jirani anayeyauza mlangoni kwake. Shilingi ya mgeni imepita mikono mitatu minne kabla ya kuvuka bahari. Ile ya mkate wa slesi ilivuka siku mkate uliponunuliwa.

Mgeni naye ana wajibu wake, na ni heri aambiwe mapema. Kisiwa cha Wasini ni mwamba wa matumbawe. Hakina mto wala kijito, na kwa vizazi watu wake wametegemea mvua iliyokingwa katika majabia. Anayetaka kusimama chini ya bomba nusu saa atawachosha wenyeji wake. Ni kisiwa cha Waislamu vilevile: suti ya kuogelea ina mahali pake baharini, si katika vichochoro vya nyumba za watu, na pombe haiingii kwenye ua wa familia. Hakuna magari, kwa hivyo mizigo hubebwa. Mwenyeji anayeficha haya ili apate mteja anajiharibia, kwani mgeni aliyeshtukizwa harudi.

Wasiwasi mwingine ni kama familia za kijiji zinaweza kuendesha biashara hii kwa utaratibu bila wakubwa kuimeza. Pwani hiyo hiyo ina majibu. Wanawake wa Wasini wanaendesha wenyewe daraja la mbao linalopita kati ya mikoko na bustani ya matumbawe, na kila anayeingia hulipa. Wenzao wa Gazi wana daraja lao na huwapikia wageni. Ni hapo Gazi pia ambapo tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko, umekuwa ukiuza hewa ya kaboni na kurudisha mapato kijijini kwa miradi kama ya maji na shule. Watu walioweza hayo hawashindwi kukubaliana bei ya chumba, na zamu za kugawana wageni ili nyumba moja isijae ilhali nyingine inakaa tupu.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inazitambua nyumba za familia zinazolaza wageni. Wakaguzi wakifika wawe wakali kuhusu choo, maji, godoro na usalama wa mlango. Kiamshakinywa wakiache alivyokipika mwenye nyumba. Kaunti ya Kwale, kwa upande wake, iweke pale gatini Shimoni ubao wenye orodha ya nyumba zinazolaza wageni, maana anayeshuka hapo leo hujikuta mikononi mwa mawakala wa safari za siku moja.

Na wewe unayepanga likizo ya Desemba, kabla hujalipa chumba, uliza nani anapika na anapika nini. Ukiambiwa mkate na jemu, omba mahamri na mbaazi, na ulipie bei ya haki. Ila piga simu siku moja kabla, kwa sababu mbaazi kavu lazima zilale majini usiku kucha.