UCHAMBUZI: Nyasi za Zoo Lake na swali la nani mwenye uwanja

WAANDALIZI wa Michezo ya Jumuiya ya Madola walipoipunguza ratiba ya Glasgow 2026 hadi michezo 10 pekee, wapenzi wa raga ya wachezaji saba kila upande hapa nchini walibaki vinywa wazi. Raga iliondolewa. Magongo yakafuata, na badminton vilevile. Lakini bolingi ya nyasini, mchezo ambao Wakenya wengi hawajapata kuuona hata kwenye runinga, ilisalia.

Msomaji asiichanganye na ile bolingi ya ukumbini ya kuangusha vigingi. Hii huchezwa juu ya nyasi zilizokatwa zikawa laini mithili ya zulia, katika uwanja wenye urefu wa kati ya mita 31 na 40. Mchezaji huviringisha tufe kuelekea kijipira kidogo kilichotangulizwa, na anayelifikisha tufe lake karibu zaidi na kijipira hicho kumshinda mpinzani ndiye apataye alama. Tufe lenyewe limechongwa kwa namna ambayo haliendi moja kwa moja. Hupinda kadiri mwendo wake unavyopungua. Ni mchezo wa subira na shabaha, na ndiyo maana wazee huumudu vyema kuliko vijana wenye pupa.

Kinaya ni kwamba mchezo huu umehifadhiwa katika ratiba ilhali viwanja vyake vinazidi kufungwa katika nchi zile zile zilizoulea. Hata huko Glasgow, mashindano ya 2014 yalichezwa nje, kwenye nyasi za Kelvingrove, lakini ya 2026 yakapangiwa ukumbini, juu ya zulia. Uwanja wa nyasi ni ghali kuutunza. Isitoshe, ni ardhi tambarare, iliyo wazi, aghalabu katikati ya mtaa wenye thamani, na huhitaji watu wachache tu ili kuujaza. Kwa mstawishaji wa majumba, hakuna windo linalotamanisha zaidi. Kwa sababu hiyo, historia ya klabu za bolingi haiwezi kusomwa kwa kuhesabu mataji. Ni historia ya ardhi: nani aliitoa, kwa masharti gani, na nani aliruhusiwa kuikanyaga.

Suala la ruhusa ni la kale. Southampton, kusini mwa Uingereza, kuna uwanja ambao wenyewe wanadai umetumika tangu 1299. Mnamo 1541, enzi za Mfalme Henry wa Nane, ilipitishwa sheria iliyowakataza mafundi, vibarua, wanagenzi na watumishi kucheza bolingi isipokuwa wakati wa Krismasi, tena katika nyumba za mabwana wao. Mwenye ardhi ya kumpatia pauni 100 kwa mwaka ndiye aliyeweza kupewa leseni ya kucheza kwenye uwanja wake mwenyewe. Watawala walitaka makabwela wajizoeze upinde na mshale, wawe tayari kwa vita. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1845. Kwa zaidi ya miaka 300, basi, mchezo wa kuviringisha tufe ulikuwa haki ya mwenye shamba.

Uskoti haikufungwa na sheria hiyo, na si ajabu kwamba huko ndiko mchezo ulikopata sura yake ya leo. Mafundi na wafanyabiashara wa miji ya Uskoti waliunda klabu, na mfanyabiashara mmoja wa pamba wa Glasgow, William Wallace Mitchell, akachapisha mwongozo wake wa mchezo mnamo 1864. Mashine ya kukata nyasi, iliyovumbuliwa na Mwingereza Edwin Budding mnamo 1830, ilikuwa imekwisha kurahisisha kazi iliyokuwa ikifanywa kwa fyekeo na kondoo. Kutoka hapo mchezo ukapanda meli pamoja na walowezi: Australia, New Zealand, Kanada, Afrika Kusini, na hatimaye nyanda zetu za juu.

Twende Johannesburg, kwa kuwa ndiko mkasa huu wa ardhi na ruhusa unakoonekana waziwazi zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya wachimba dhahabu ya Wernher, Beit ililipa jiji hilo ardhi kubwa kaskazini mwa katikati ya mji iwe mahali pa mapumziko kwa wakazi. Bustani hiyo ikapewa jina la Hermann Eckstein, tajiri wa migodi mwenye asili ya Ujerumani aliyefariki mnamo 1893. Upande mmoja ikajengwa bustani ya wanyama, iliyoanza 1904. Upande wa pili likachimbwa ziwa, ndipo mahali hapo pakaitwa Zoo Lake. (Fedha za zawadi hiyo zilitoka chini ya ardhi kwa jasho la wachimbaji Waafrika, jambo ambalo mabamba ya ukumbusho kwa kawaida hayalitaji.) Kwa vile ardhi ilitolewa kwa ajili ya watu wa jiji, bustani hiyo ilibaki kuwa miongoni mwa chache ambazo watu wa rangi zote waliendelea kukutana hata baada ya serikali ya makaburu kupitisha sheria ya 1953 ya kutenga huduma za umma kwa misingi ya rangi.

Ndani ya bustani hiyo kulikuwa na klabu ya bolingi. Na hapa ndipo penye fundo. Lango la bustani lilikuwa wazi, lakini uzio wa klabu ulikuwa na sheria zake. Bolingi rasmi ya Afrika Kusini ya enzi hizo, kuanzia chama hadi timu ya taifa, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliweza kuketi kando ya ziwa na kutazama matufe yakiviringika ng'ambo ya uzio. Kucheza ilikuwa habari nyingine.

Mapema mwaka wa 1976 mashindano ya dunia ya wanaume yalifanyika katika uwanja huo huo wa Zoo Lake. Wenyeji walizoa kila taji: la mchezaji mmoja, lililotwaliwa na Doug Watson, la wawili, la watatu, la wanne, na kombe la jumla. Kwa kipimo cha mchezo, hakuna timu iliyopata kutawala namna hiyo. Lakini ushindi wa timu iliyochaguliwa kwa kuwafungia nje wananchi wengi wa nchi yake una walakini usiofutika, na kalenda ya mwaka huo haikuchelewa kuuanika. Juni 16, watoto wa shule wa Soweto, kitongoji cha jiji hilo hilo, walipigwa risasi wakiandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Mwezi huo huo timu ya raga ya New Zealand iliingia Afrika Kusini kwa ziara, kana kwamba hapakuwa na damu barabarani.

Kilichofuata Wakenya wanakikumbuka. Julai, Kenya ilijiunga na mataifa mengine ya Afrika kususia Olimpiki ya Montreal, baada ya Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa kukataa kuitenga New Zealand. Mike Boit, aliyekuwa ametwaa nishani ya shaba katika mbio za mita 800 kule Munich mnamo 1972, hakukimbia. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. Vijana hao walilipa gharama ambayo wachezaji waliokwenda Zoo Lake hawakuilipa. Mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles, Uskoti, kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini, na bolingi ya nchi hiyo nayo ikaingia gizani hadi ubaguzi ulipoanza kubomolewa. Sheria ya 1953 ilifutwa mnamo 1990. Mnamo 1994 Afrika Kusini ilirejea katika Jumuiya ya Madola, na mwaka huo huo ikarudi katika michezo yake kule Victoria, Kanada.

Nimeirefusha habari ya 1976 kwa makusudi. Watetezi wa klabu kongwe, kila zinapotishiwa kufungwa, hupenda kusema kwamba klabu ni urithi wa jamii. Swali la haki ni: jamii ipi? Zoo Lake ya 1976 ilikuwa kwenye ardhi ya wote, ikitunzwa katika jiji la wote, lakini jamii yake ilikuwa ya wachache. Asiyeutaja ukweli huo hana uzito wa kusimama mbele ya baraza la jiji kuiombea klabu hiyo hiyo leo.

Na leo kuna sababu ya kuiombea. Klabu hiyo si ile tena. Uzio wa rangi ulianguka, wanachama wazee wakapungua, na kama ilivyotokea kwingi duniani, mahali hapo pakajulikana kwa vijana wa kila rangi wanaokwenda jioni kunywa, kula na kuviringisha matufe kwa mzaha zaidi kuliko kwa ushindani. Wakongwe wa mchezo huenda wakanung'unika kuhusu viatu visivyofaa nyasi. Mimi naona kwamba hatimaye uwanja umelingana na ardhi uliyokaliwa. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni kumekuwa na mvutano kati ya mamlaka za Johannesburg na klabu za michezo zinazotumia ardhi ya umma kwa mikataba. Jiji linadai lina haki ya kupata mapato halisi kutokana na mali yake; klabu zinahofia kwamba neno mapato ni pazia la kuwakaribisha wajenzi. Pande zote mbili zina hoja. Kodi ya senti chache kwa ekari ya thamani kubwa ni ruzuku, na walipa ushuru maskini wana haki ya kuuliza inamfaidi nani. Lakini uwanja ukishajengwa ghorofa haurudi, hata mahakama iamue nini baadaye.

Hapa kwetu, mchezo huu uliletwa na klabu za kikoloni na umeendelea kuishi humo. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mnamo 1901, wakati mji wenyewe ulikuwa bado kambi ya reli. Limuru nako kuna nyasi za bolingi. Klabu za aina hiyo hazikumkubali Mwafrika isipokuwa jikoni na bustanini, hadi uhuru ulipokaribia. Baada ya hapo kizuizi cha rangi kiliondoka, na mahali pake pakasimama ada ya uanachama. Wakenya weusi wamekwisha kuumudu mchezo na kuiwakilisha nchi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, jambo la kupongezwa, ila karibu wote wametokea ndani ya malango hayo. Mtoto wa Kawangware atakayeiona Glasgow kwenye runinga na kutaka kujaribu hana uwanja wa umma wa kumwelekeza.

Tofauti yetu na Johannesburg ni kwamba sisi tulipoteza mapema kile ambacho wao wanakigombania sasa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi viwanja vya michezo, bustani na ardhi za shule zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Bustani ya Uhuru yenyewe ingemezwa na jumba la ghorofa 60 mnamo 1989, kama si ujasiri wa Wangari Maathai. Katiba ya 2010 imeweka kinga katika kifungu cha 62 kuhusu ardhi ya umma, lakini kinga ya kuzuia unyakuzi haijibu swali la pili, la nani anafaidi kile ambacho hakikunyakuliwa.

Waaustralia wamelijibu swali hilo kwa namna yao. Nchini mwao klabu nyingi za bolingi, zilizojengwa zamani na wafanyakazi wa mitaa, ziliishiwa wanachama, zikategemea mashine za kamari ili kulipa bili, na nyingine zikauza ardhi. Filamu ya kuchekesha iitwayo Crackerjack, ya mwaka wa 2002, ilijengwa juu ya mkasa huo. Katika mtaa wa Petersham jijini Sydney, wakazi waliingia wenyewe katika uanachama, mashine za kamari zikaondolewa, na klabu ikaendelea kuishi kwa muziki, chakula na watoto wanaocheza pekupeku nyasini. Mafanikio hayo yalitegemea jirani kuwa na nafasi ya kuingia. Klabu yenye orodha ndefu ya masharti ya uanachama isingeokolewa na jirani asiyeijua.

Uskoti imekwenda mbali zaidi na kuliandika jambo hili katika sheria. Sheria yake ya 2015 ya kuzipa jamii uwezo inaruhusu kikundi cha wakazi kuomba kununua, kukodi au kutumia ardhi au jengo la umma, na mamlaka haiwezi kukataa bila kutoa sababu za maana. Kikundi kinachoomba lazima kieleze jamii yake ni ipi, kiwe chini ya udhibiti wa wakazi wenyewe, kimruhusu mkazi yeyote kujiunga, na ziada ya fedha itumike kwa manufaa ya jamii hiyo. Kwa kipimo hicho, klabu ya Zoo Lake ya mwaka 1976 isingekabidhiwa hata kipande cha nyasi. Ile ya leo ingepita, ikiwa itaweka maandishi yake sawa. Klabu zetu kongwe za Nairobi zingelazimika kwanza kuzipunguza ada zao.